Giuseppe Mazzini: mkimbizi wa London aliyeusaidia umma wa Roma kuasi

Siku hizi mtu aliye maelfu ya kilomita kutoka kwao anaweza kurekodi sauti ya dakika mbili kwenye simu, akawataka watu wa nyumbani waingie barabarani kuipinga serikali. Kabla jua halijatua, sauti hiyo imeshafika kijijini. Wanaoisikia wanabaki na swali gumu. Huyu anayetuhimiza yuko salama, sisi ndio tuko mbele ya bunduki. Je, ana haki ya kutuambia tutoke?

Swali hili halikuanza na simu. Karibu miaka 200 iliyopita kulikuwa na Mwitaliano aliyeishi nalo maisha yake yote. Jina lake Giuseppe Mazzini. Kwa muda mrefu aliishi uhamishoni akiwasaidia watu wa kwao waliotawaliwa kwa mabavu, na miongoni mwa watawala hao alikuwamo Papa wa Roma. Katika makala haya tunamfuata Mazzini alikopita, tuone msaada wake uliwafaa nini watu waliokuwa ndani, na pia uliwagharimu nini.

Serikali ya mapadre

Kwanza tuielewe hali ya Italia ya wakati ule. Haikuwa nchi moja kama ilivyo leo. Ilikuwa vipande vipande: huku mfalme, kule mtawala mdogo, kaskazini jeshi la Austria. Katikati, kuanzia Roma hadi Bologna, kulikuwa na nchi iliyotawaliwa na Papa mwenyewe.

Msikilizaji, hapa hatuzungumzii imani ya Kikatoliki. Tunazungumzia serikali. Papa wa nyakati hizo alikuwa na askari, polisi, magereza na watoza kodi kama mfalme mwingine yeyote. Vyeo vikubwa vya serikali vilishikwa na makardinali na maaskofu. Mwananchi wa kawaida hakuwa na kura wala bunge. Vitabu na magazeti vilikaguliwa kabla ya kuchapwa. Wayahudi wa Roma walilazimishwa kuishi katika mtaa wao peke yao, uliozungushiwa ukuta, na malango yake yalifungwa usiku.

Papa Gregori wa 16, aliyetawala kuanzia 1831 hadi 1846, alikataa hata reli isijengwe katika nchi yake. Mwaka aliochaguliwa, watu wa Bologna na miji ya jirani waliasi. Jeshi la Austria likaingia na kuwazima. Mataifa makubwa ya Ulaya yenyewe yalimshauri Papa awape raia wasio mapadre nafasi katika serikali. Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa madogo mno.

Kijana wa Genoa

Mazzini alizaliwa Genoa, mji wa bandari, tarehe 22 Juni 1805. Baba yake alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu. Mama yake, Maria, alikuwa mwanamke mwenye msimamo, na kwa miaka mingi ndiye aliyemtumia mwanawe pesa na barua.

Alipokuwa na miaka 15 alikuwa akitembea na mama yake bandarini, wakakutana na watu walioshindwa katika uasi wa mwaka 1821. Walikuwa wakisubiri meli ya kukimbilia nje, wakiomba msaada. Picha ile haikumtoka kichwani. Tangu ujana wake akazoea kuvaa nguo nyeusi, kama mtu aliyefiwa, akisema anaomboleza nchi yake.

Alisomea sheria, kisha akaingia katika chama cha siri kilichoitwa Carbonari. Mwaka 1830 alisalitiwa, akakamatwa na kufungwa katika ngome ya Savona. Alipotoka alipewa njia mbili: aishi katika mji mdogo chini ya macho ya polisi, au aondoke nchini. Akachagua kuondoka. Alikuwa na miaka 25.

Gazeti ndani ya pipa la lami

Mwaka 1831, akiwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, Mazzini alianzisha chama kilichoitwa Italia Changa. Alilenga vijana, watu wa chini ya miaka 40. Alitaka mambo matatu: Italia iwe moja, iwe huru, na iwe jamhuri inayoongozwa na wananchi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka maneno nyumbani. Alichapa gazeti, na mabaharia wakaliingiza Italia kwa siri. Nakala zilifichwa ndani ya mapipa ya lami na katika shehena za yale mawe mepesi ya kusugulia miguu. Zikifika, mtu mmoja alimpa mwenzake, naye akampa mwingine. Aliyekamatwa nalo alijua kinachomngoja.

Kwa njia hii Mazzini aliwapa watu wa ndani kitu ambacho serikali zao ziliwanyima, yaani habari. Mtu wa Bologna aliyedhani yuko peke yake na hasira zake alijua kwamba kuna mwingine Genoa na mwingine Milan wanaofikiri kama yeye.

Damu ya kwanza

Lakini Mazzini hakutosheka na maneno. Alitaka watu wainuke, na alitaka upesi.

Mwaka 1833 mpango wa uasi ndani ya jeshi la Piemonte, ufalme uliotawala Genoa wakati huo, uligunduliwa. Watu 12 waliuawa kwa amri ya mahakama. Rafiki yake mkubwa, Jacopo Ruffini, alijiua gerezani. Mazzini naye alihukumiwa kifo, ila yeye alikuwa nje ya nchi.

Mwaka uliofuata alijaribu tena. Alikusanya kikosi kidogo Uswisi ili kivuke mpaka na kuingia Savoy. Jenerali aliyekabidhiwa fedha na uongozi alichelewa kwa miezi, siri ikavuja, na wananchi waliotarajiwa kuinuka hawakuinuka. Kikosi kikasambaratika.

Baada ya hapo Mazzini aliingia katika kipindi cha giza. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliwaza sana kuhusu wale waliokufa na mama zao. Alijiuliza kama ni yeye aliyewaua, na kama ndoto yake haikuwa kiburi tu. Alipotoka katika mashaka hayo aliendelea na kazi, akiamini kwamba ni wajibu wake.

London, chumba kidogo

Uswisi walimfukuza. Januari 1837 akafika London, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake. Hakuwa na kitu. Aliweka rehani koti na viatu vyake ili apate chakula. Chumba chake kilijaa karatasi, moshi wa sigara na ndege wadogo aliowaacha waruke humo ndani bila tundu.

Mjini aliwakuta watoto wa Kiitaliano waliokuwa wakizunguka mitaani na vinanda vya kuzungusha kwa mkono, wakiomba senti. Wengi walikuwa wameletwa na matajiri waliowaahidi wazazi wao maskini maisha mazuri. Jioni walirudi na pesa zote kwa tajiri, na aliyeleta pungufu alipigwa. Novemba 1841 Mazzini alifungua shule ya bure ya jioni katika mtaa wa Hatton Garden. Watoto na vibarua walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na historia ya nchi yao. Yeye mwenyewe alifundisha humo, na marafiki zake Waingereza wakachangia gharama.

Halafu likatokea jambo lililowashtua Waingereza. Mwaka 1844 Mazzini alianza kushuku kwamba barua zake zinafunguliwa. Akawaomba marafiki waweke ndani ya bahasha mbegu ndogo, chembe za mchanga au unywele. Barua zikifika, vitu vile havimo. Malalamiko yakapelekwa bungeni, na ikathibitika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa ikifungua barua zake kwa siri. Kelele zikawa kubwa. Jina la mkimbizi huyu maskini likajulikana nchi nzima.

Mwaka huohuo ndugu wawili, Attilio na Emilio Bandiera, waliokuwa maofisa wa jeshi la majini la Austria, waliingia kusini mwa Italia na wenzao wachache kuanzisha uasi. Wakakamatwa, na watu tisa wakapigwa risasi Julai 1844. Walikuwa wafuasi wa Mazzini. Safari hii yeye alikuwa amewasihi wasiende, lakini moto alioupuliza kwa miaka mingi ulikuwa hauhitaji tena ruhusa yake. Adui zake walimlaumu, wakisema anakaa London akinywa chai huku vijana wakifa. Lawama hiyo ilimfuata hadi kaburini.

Papa anakimbia Roma

Mwaka 1846 alichaguliwa Papa mpya, Pio wa 9. Alianza vizuri. Aliwasamehe wafungwa wa kisiasa, akalegeza ukaguzi wa magazeti, na mwaka 1848 akatoa katiba na kuondoa malango ya mtaa wa Wayahudi. Watu walimshangilia barabarani. Mazzini mwenyewe alimwandikia barua kutoka London mwaka 1847, akimwomba aiongoze Italia kuwa nchi moja.

Mwaka 1848 Ulaya nzima ilitikisika kwa uasi. Waitaliano wa kaskazini walipigana na Austria, nao watu wa Roma walitaka Papa awaunge mkono. Papa alikataa, akisema yeye ni baba wa Wakatoliki wote, wa Austria pamoja na wa Italia. Kutoka siku hiyo mapenzi ya watu yalipoa. Novemba waziri wake mkuu, Pellegrino Rossi, alichomwa kisu na kuuawa. Siku chache baadaye Papa alitoroka usiku akiwa amejibadilisha mavazi, akaenda Gaeta katika ufalme wa Naples.

Roma ikabaki bila mtawala. Januari 1849 wananchi walipiga kura kuchagua bunge. Tarehe 9 Februari bunge hilo likatangaza kwamba utawala wa Papa kama mfalme umekwisha, na Roma ni jamhuri. Katika ibada na mambo ya imani, Papa alihakikishiwa uhuru wake.

Zingatia jambo moja hapa, msikilizaji. Uasi huu haukuamriwa na Mazzini. Watu wa Roma walifika hapo kwa miguu yao. Lakini wengi wao walikuwa wamelelewa na maandishi yake, na walipohitaji kiongozi walimwita. Alifika mjini mapema Machi 1849. Mwisho wa mwezi huo bunge lilimchagua kuwa mmoja wa viongozi watatu wa nchi, pamoja na Carlo Armellini na Aurelio Saffi.

Siku mia moja za kazi

Sasa aliyekuwa akihimiza kutoka mbali alikuwa ndani, na kila uamuzi ulikuwa shingoni mwake. Alikaa katika chumba kidogo ndani ya jumba la Papa, akala katika mkahawa wa bei rahisi, na akaacha mlango wazi kwa mtu yeyote mwenye shida.

Serikali yake ilifuta adhabu ya kifo. Ilivunja mahakama ya kanisa iliyowachunguza watu imani zao, na majengo yake yakapangwa yawe makazi ya familia maskini. Wayahudi walipata haki sawa na wengine. Magazeti yakawa huru.

Kwa wakulima, serikali ilitoa amri kwamba mashamba ya mashirika ya kanisa yagawiwe familia zisizo na ardhi. Kila familia ingepata eneo la kutosha kulimwa na jozi moja ya ng'ombe, kwa kodi ndogo, na bila kunyang'anywa. Muda haukutosha amri hiyo kutekelezwa sawasawa, lakini iliwaonyesha wanyonge kwamba wanakumbukwa.

Mazzini aliamini katika Mungu, na hakutaka jamhuri igeuke vita dhidi ya dini. Watu walipotoa vibanda vya kuungamia makanisani ili wazibe njia, aliamuru virudishwe. Hata hivyo mapadre kadhaa waliuawa na watu wenye hasira katika siku zile, na hilo ni doa ambalo jamhuri haikuweza kulifuta.

Msaada kutoka nje, wa pande zote

Papa naye aliomba msaada wa nje. Aliziita Austria, Hispania, Naples na Ufaransa zimrudishe. Wafaransa, ambao wenyewe walikuwa jamhuri, walitua Civitavecchia mwezi Aprili wakiongozwa na Jenerali Oudinot. Tarehe 30 Aprili walishambulia Roma wakidhani watu watakimbia. Giuseppe Garibaldi na wapiganaji wake wa kujitolea waliwarudisha nyuma. Garibaldi alitaka awafukuze hadi baharini. Mazzini akamzuia, akitumaini kwamba Ufaransa itajirudi. Mateka wa Kifaransa walitendewa wema na kuachiliwa.

Ufaransa ikamtuma mjumbe, Ferdinand de Lesseps, yuleyule aliyekuja baadaye kuchimba Mfereji wa Suez. Alifikia makubaliano na Roma, lakini Oudinot aliyakataa na kushambulia tena tarehe 3 Juni, sasa akiwa na jeshi kubwa na mizinga mizito.

Miongoni mwa wageni waliokuwa upande wa wananchi alikuwapo mwandishi wa habari Mmarekani, Margaret Fuller, aliyemfahamu Mazzini tangu London. Alipeleka taarifa zake kwa gazeti la New York ili Wamarekani wajue kinachotokea, na mchana akawauguza majeruhi hospitalini. Mwaka uliofuata alikufa maji, meli yake ilipovunjika karibu na New York.

Roma ilishikilia kwa mwezi mzima. Vijana wengi walikufa, akiwemo Goffredo Mameli, aliyetunga maneno ya wimbo unaoimbwa leo kama wimbo wa taifa wa Italia. Alijeruhiwa mguu, akafa akiwa na miaka 21.

Tarehe 30 Juni bunge lilikutana. Kulikuwa na njia tatu: kusalimu amri, kupigana mtaa kwa mtaa, au kutoka na kuendeleza vita milimani. Mazzini alitaka hiyo ya tatu. Bunge likaamua kusitisha mapigano ili mji usiteketee. Mazzini akajiuzulu, hakutaka kutia saini. Wafaransa waliingia tarehe 3 Julai, siku ileile wabunge walipotangaza hadharani katiba yao mpya. Mazzini alibaki mjini siku kadhaa akitembea barabarani bila kujificha, kisha akaondoka kwa meli bila pasipoti halali. Papa alirudi mwaka 1850, na Wayahudi wakarudishwa katika mtaa wao.

Miaka ya mwisho

Mazzini alirudi London. Alikusanya fedha kwa kuuza hati za mkopo wa taifa, na marafiki wa Kiingereza wakaunda chama cha kuisaidia Italia. Lakini pia aliendelea kupanga uasi. Mwaka 1853 watu wake waliinuka Milan, wengi wakiwa mafundi na vibarua wenye visu tu. Walizimwa upesi na wengine wakanyongwa. Marafiki wake wengi walimwacha baada ya hapo, wakisema hasikilizi hali halisi ya walio ndani.

Italia iliungana hatimaye, lakini chini ya mfalme. Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la mfalme liliingia Roma, baada ya Wafaransa waliomlinda Papa kuondoka kwenda kupigana na Ujerumani. Utawala wa Papa kama mfalme wa nchi ile ukaisha, na Kanisa likaendelea na kazi yake ya kiroho. Siku hiyo Mazzini alikuwa gerezani, amefungwa na serikali ya huyo mfalme kwa sababu bado alitaka jamhuri. Gereza lenyewe lilikuwa Gaeta, mji uleule Papa alikokimbilia mwaka 1848.

Alikufa Pisa tarehe 10 Machi 1872, katika nyumba ya marafiki, akitumia jina la kubuni la Brown. Alizikwa Genoa, na umati mkubwa ulimsindikiza. Jamhuri aliyoitaka ilikuja mwaka 1946, Waitaliano walipopiga kura kumwondoa mfalme.

Habari zake zilifika mbali. Mwaka 1905 Mohandas Gandhi, akiwa Afrika Kusini, aliandika kumhusu katika gazeti lake la Indian Opinion.

Tunabaki na nini?

Tukiyapima maisha yake, tunaona tofauti. Gazeti, shule, fedha na sauti mbele ya mabunge ya nje viliwafaa watu wa ndani, kwa sababu wao waliamua wenyewe wavitumie vipi na lini. Pale alipojaribu kupanga siku ya watu kuinuka akiwa mbali, Savoy mwaka 1834 au Milan mwaka 1853, walioumia ni wale waliokuwa karibu na bunduki. Na Roma ya mwaka 1849, iliyoinuka kwa uamuzi wake yenyewe, ndiyo iliyopata serikali ambayo Waitaliano wanaikumbuka hadi leo, ingawa ilidumu miezi mitano tu.

Kwa hiyo ukipokea ujumbe wa mtu aliye mbali anayekutaka utoke, yapo ya kuuliza. Je, anakupa habari za kweli ambazo huzipati nyumbani? Anawasaidia majeruhi, wafungwa na familia zao? Anawasikiliza walio ndani wanapomwambia bado, au anawapangia siku? Mazzini mwenyewe hakuwa na jibu moja kwa maswali haya maisha yake yote. Lakini itakapofika siku ya Roma kuhitaji mtu, alikwenda, akakaa chini ya mizinga pamoja na waliomwita.